Kabla ya Kulala Chini ya Leza, Nilitaka Kujua Chenga Zangu Zinatoka Wapi

Macho yangu yana matatizo matatu, na kwa muda mrefu niliyaweka yote kwenye fungu moja. La kwanza ni la kawaida: sioni mbali. Bila miwani, mtu aliyesimama upande wa pili wa chumba hana sura. La pili ni vivuli. Usiku kila taa ina mkia unaoshuka chini, na maandishi meupe kwenye kibao cheusi yana nakala hafifu iliyosogea kidogo. La tatu ndilo gumu kulieleza kwa mtu asiye nalo. Naona chenga, zile zile za televisheni iliyopoteza mawimbi: vitone vidogo visivyohesabika vinavyochezacheza mbele ya kila kitu, ukutani, angani, hata gizani nikiwa nimefumba macho.

Habari za leza zilinifikia kama zinavyowafikia wengi. Mtu amefanyiwa leo, kesho ameamka akaiona saa ukutani bila kupapasa miwani. Tangu hapo nimezungumza na watu kadhaa wenye macho yanayopotosha mambo, na karibu wote walikuwa na tumaini moja na mimi: kama leza inanyoosha macho, itanyoosha na hili. Anayeona duara kuzunguka taa anatumaini hivyo, anayeona mistari iliyopinda hivyo hivyo, na anayeona vidoa vinavyoelea pia.

Swali la "leza inanifaa?" linakuja mapema mno. La kutangulia ni hili: ninachokiona kimepotokea wapi?

Mwanga ukiingia jichoni hupita mahali pengi. Kwanza utando wa machozi, kisha konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, kisha tundu la mboni, lenzi ya asili, ute unaojaza jicho, halafu retina huko nyuma. Kutoka retina habari husafiri kwa mshipa wa neva hadi kwenye ubongo, na ubongo ndio unaoamua umeona nini. Picha inaweza kuharibika kwenye kituo chochote kati ya hivyo. Leza ya kurekebisha uoni hugusa kituo kimoja tu, konea. Katika LASIK hukatwa kifuniko chembamba juu ya konea, kinafunuliwa, leza ya eksima yenye mawimbi ya nanometa 193 inapunguza nyama iliyo chini yake, kifuniko kinarudishwa. Katika PRK hakuna kifuniko. Ngozi laini ya juu ya konea huondolewa, leza hupigwa moja kwa moja, na ngozi huota upya kwa siku kadhaa. Katika SMILE kipande chembamba huchongwa ndani ya konea na kuvutwa nje kupitia tundu dogo. Njia ni tofauti, kazi ni ile ile: kubadilisha umbo la konea ili mwanga ukutane mahali panapotakiwa.

Nilikuja kuyaelewa haya baada ya kliniki ya kwanza.

Palikuwa mahali pasafi, pa kupendeza, na aliyenipokea alikuwa mshauri wa wateja. Walipima nguvu ya miwani yangu, wakapima unene wa konea, wakatazama picha yenye rangi kwenye kompyuta, na muda si mrefu nikaambiwa, "Unafaa kabisa." Nikataja chenga. Nikajibiwa kwamba huo ni ukavu wa macho, utakwisha. Nikataja vivuli vya usiku. Nikajibiwa kwamba hiyo ni astigmatizimu, yaani konea iliyopinda zaidi upande mmoja kuliko mwingine, leza inaiondoa. Majibu yote mawili yalitolewa kwa tabasamu na bila kunipima lolote la ziada. Hakuna aliyeniuliza kama katika ukoo wetu kuna mwenye ugonjwa wa konea, wala kama nina tabia ya kusugua macho. Ninayo, tangu utotoni, kwa sababu ya mzio. Hakuna aliyeuliza nimevua lini lenzi zangu za jichoni, nami nilikuwa nimezivua jioni ya jana yake. Daktari mwenyewe, nilielezwa, ningemwona siku ya upasuaji.

Kisha likaja suala la malipo ya awali. Kulikuwa na punguzo kwa atakayelipa kabla ya wiki kwisha, na fedha hizo hazirudishwi hata ukibadili nia. Sikulipa. Ningependa kusema ni busara, lakini ukweli ni kwamba siku hiyo sikuwa nazo. Ukifika mahali pa namna hiyo, uliza mambo ya fedha mapema na uyapate kwa maandishi: bei inajumuisha matone ya dawa? Mahudhurio ya baada ya upasuaji? Upasuaji wa kurudia, ikiwa nguvu itabaki kidogo? Na ikiwa daktari atakukataa siku ile ile, pesa inakwenda wapi? Bima nyingi huuhesabu upasuaji huu kuwa wa hiari, kwa hiyo kila kisichojumuishwa utakilipa mwenyewe.

Kilichonisukuma nisirudi pale kilikuwa kitu kidogo. Rafiki yangu ambaye naye huona chenga aliniambia nijipime nyumbani kwanza. Nayaeleza majaribio hayo kirefu kwa sababu hayana gharama, na yalinisaidia kupanga maneno ya kumwambia daktari. Hayachukui nafasi ya kipimo cha hospitali.

La kwanza ni kufunika jicho moja. Ikiwa unaona vitu viwili viwili, funika la kulia, kisha la kushoto. Kama uwili unatoweka kila unapofunika mojawapo, macho yako hayatazami mahali pamoja, na hilo ni jambo la misuli au neva. Leza ya konea haina kazi hapo. Kama uwili unabaki jicho moja likiwa peke yake, chanzo kiko ndani ya jicho hilo. Vivuli vyangu vilibaki, na vya jicho la kushoto vilikuwa vibaya zaidi.

La pili ni tundu. Chukua kadi ngumu, itoboe kwa pini, vaa miwani yako ya kawaida, kisha tazama kwa jicho moja kupitia tundu hilo kitu chenye herufi au taa ndogo. Usiache kuvaa miwani, maana tundu huondoa pia ukungu wa kutoona mbali, nawe unataka kujua kitu kingine. Tundu huruhusu mwanga upite sehemu ndogo tu ya konea na lenzi, kwa hiyo kama kivuli kimetokana na umbo lisilo sawa la mojawapo, hupungua au hutoweka. Mkia wa taa zangu ulikatika palepale. Nilikaa na kadi ile nikiitoa na kuirudisha, naona mkia, sioni mkia, kama mtoto aliyepata mchezo mpya. Chenga hazikupungua hata kidogo.

La tatu ni kufumba macho katika chumba chenye giza. Kivuli cha konea hakiwezi kuwapo pasipo mwanga. Chenga zangu zilikuwapo. Zilikuwa za macho yote mawili, sawasawa, kila mahali kwa wakati mmoja.

La nne ni mraba wa Amsler, ule wenye mistari ya mlalo na wima na nukta katikati. Vaa miwani ya kusomea kama unaitumia, funika jicho moja, kaza macho kwenye nukta. Mistari ikionekana kupinda, kuvunjika au kupotea mahali fulani, tatizo linaweza kuwa katikati ya retina, na hapo unahitaji daktari wa retina haraka kuliko unavyohitaji kliniki ya leza. Yangu ilikuwa imenyooka.

Kuhusu vidoa na nyuzi zinazoelea: hizo ziko kwenye ute wa ndani, nazo hufuata mwendo wa jicho kwa kuchelewa kidogo. Leza ya konea haizigusi. Lakini zikija nyingi kwa ghafla, pamoja na mimweko ya mwanga au kitu kama pazia linaloshuka upande mmoja, usimalize kusoma hapa, nenda hospitali sasa, maana retina inaweza kuwa inachanika. Sisi tusioona mbali tuna hatari kubwa zaidi ya hilo, na leza haiipunguzi. Konea inabadilishwa, jicho linabaki na urefu wake ule ule. Jambo hili husahaulika sana baada ya miwani kutupwa.

Nikiwa na majibu hayo nilimtafuta daktari bingwa wa konea asiye na uhusiano na kliniki ile. Sharti lake la kwanza lilikuwa nivue lenzi za jichoni kabla ya kupimwa. Lenzi hukandamiza konea na kuibadilisha umbo kwa muda, hivyo ukipimwa umetoka kuzivua, ramani inayochorwa si ya jicho lako halisi. Kwa lenzi laini huagizwa wiki mbili hivi, kwa ngumu wiki zaidi, wakati mwingine mpaka vipimo viwili vya kufuatana vikubaliane. Niliishi kipindi hicho na miwani ya zamani yenye mikwaruzo, nikiwa na hasira ndogondogo kwa kila mtu.

Vipimo vyenyewe vilichukua sehemu kubwa ya siku. Machozi yalipimwa wingi na ubora. Mboni zilipimwa gizani. Uoni ulipimwa kabla na baada ya matone ya kutanua mboni, retina ikatazamwa hadi pembezoni, na mashine ikachora ramani ya konea, uso wa mbele na wa nyuma. Huo uso wa nyuma ndio ulioleta habari. Mabadiliko ya mapema huweza kuonekana huko kabla hayajajitokeza mbele.

Alinionyesha hesabu ya unene kwanza, na nilishukuru kwamba aliifanya mbele yangu. Konea ya wastani katikati yake ni kama mikroni 540 (mikroni elfu moja ni milimita moja). Yangu ilikuwa 498. Kifuniko cha LASIK kinachukua kama 110. Kila dayopta moja, yaani kipimo cha nguvu ya miwani, ya kutoona mbali huondoa takribani mikroni 12 hadi 15, kutegemea upana wa eneo linalochongwa. Mimi nina dayopta 5, tuseme 75. Zinabaki 313 chini ya kifuniko. Kiwango cha chini kinachotajwa sana ni 250, na madaktari wengi wanapenda zisalie 300 au zaidi. Kwa hesabu hiyo nilipita, na ndiyo maana kliniki ya kwanza ilinipitisha.

Kisha akaigeuza ramani ya jicho la kushoto. Sehemu ya chini ilikuwa na mwinuko ambao sehemu ya juu haikuwa nao, na uso wa nyuma ulikuwa umevimba kidogo mahali pale pale. Aliita hali hiyo shaka ya keratokonasi, ugonjwa ambao konea hudhoofika, hukonda na kuchomoza mbele polepole. "Kwa unene ungepita," alisema. "Kwa umbo, siwezi kukulaza chini ya leza." Konea dhaifu ikipunguzwa nyama inaweza kuendelea kuchomoza baada ya upasuaji, na uoni unaopotea kwa njia hiyo haurudi kwa miwani. Vivuli vyangu, mkia ule wa taa unaoelekea chini, vilikuwa vikitoka kwenye kilima kile kile. Dalili niliyotaka leza iifute ndiyo iliyokuwa ikinionya nisifanyiwe leza.

Laiti ningekuwa na picha ya jambo hilo siku ile ya tabasamu. Kama una vivuli au mikia ya taa ambayo miwani yenye nguvu sahihi haiiondoi, usikubali neno "astigmatizimu" likufungie mjadala. Astigmatizimu ya kawaida hurekebika kwa miwani. Isiyorekebika inadai maelezo. Omba ramani ya konea ya pande zote mbili, omba ufafanuzi wa kila rangi, na omba nakala uende nayo nyumbani.

Niliuliza kama leza inayoongozwa na ramani, ile inayosifiwa kwa kusawazisha mabonde na vilima, haiwezi kunifaa. Akanijibu kwamba inaweza kumsaidia mtu mwenye konea imara iliyo na kasoro ndogo, mfano aliyefanyiwa leza zamani ikaangukia pembeni. Kwa konea inayoshukiwa udhaifu, kusawazisha ni kupunguza, na kupunguza ndiko kunakoogopwa. Nikauliza habari ya lenzi inayopandikizwa ndani ya jicho, kati ya mboni na lenzi ya asili. Hiyo haipunguzi konea na ingeweza kuondoa kutoona mbali, lakini kilima kingebaki pale pale na vivuli vyake, na lenzi hizo nazo zina duara zake za usiku kwa baadhi ya watu. Tukaiweka pembeni.

Nilitoka pale na hasira isiyokuwa na pa kwenda. Kwa miezi nilikuwa nimeshajiona nikiogelea na kuziona nyuso za watu majini. Siku chache zilizofuata nilijikuta nikisoma simulizi za waliofanyiwa wakafurahi, nikiwaonea wivu kwa konea zao. Ni ujinga kuonea wivu konea ya mtu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Ilinisaidia zaidi kuongea na mtu aliyekataliwa kama mimi kuliko maneno ya kunitia moyo ya waliokubaliwa.

Zilibaki chenga. Daktari wa konea alisema wazi kwamba hazitoki kwenye kilima, akanituma kwa daktari wa neva anayeshughulika na macho. Uwanja wa kuona ukapimwa, retina ikarudiwa, kichwa kikapigwa picha. Vyote safi. Watu wenye hali hii wataijua hisia hiyo: unaambiwa kila kitu kiko sawa, nawe umekaa mbele ya mtu anayekwambia hivyo huku uso wake ukichezacheza vitone. Ila safari hii jibu halikuishia hapo. Hali hii, ambayo kwa Kiingereza huitwa visual snow syndrome, ilipewa vigezo rasmi mwaka 2014: vitone vinavyotembea katika uwanja wote wa kuona kwa zaidi ya miezi mitatu, pamoja na angalau mambo mawili kati ya manne, yaani picha zinazobaki baada ya kitu kuondoka, kuona kupita kiasi vitu vya ndani ya jicho kama vidoa na vimulimuli kwenye anga ya bluu, kuumizwa na mwanga, na kuona kwa shida usiku. Tena iwe si ile mauzauza inayotangulia kipandauso, wala isielezwe na ugonjwa mwingine. Inachukuliwa kuwa ni tatizo la namna ubongo unavyochakata picha. Wengi wana kipandauso au mlio wa masikio pia. Mimi nina mlio.

Hapa ndipo penye swali la wengi wanaonitafuta: kama konea yangu ni nzima, na tatizo langu ni chenga tu, leza inanifaa?

Daktari wa neva hakunipa jibu la ndiyo au hapana, na nadhani alifanya vizuri. Chenga peke yake haziko kwenye orodha ya kawaida ya mambo yanayomzuia mtu, ile yenye keratokonasi, macho makavu sana, nguvu ya miwani inayobadilika bado, ujauzito na kunyonyesha, na baadhi ya magonjwa ya kinga. Lakini leza haitaziondoa. Anayekwenda kwa ajili yake atarudi nazo, na safari hii hatakuwa na miwani ya kuilaumu.

Kisha kuna athari za leza yenyewe. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, pamoja na taasisi ya taifa ya macho na wizara ya ulinzi ya nchi hiyo, zilifanya tafiti mbili za LASIK zinazoitwa PROWL, matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Zaidi ya 95% ya washiriki waliridhika na uoni wao. Wakati huo huo, kati ya waliokuwa hawana dalili zozote za mwanga kabla ya upasuaji, 43% katika utafiti mmoja na 46% katika mwingine walikuwa na angalau dalili moja mpya baada ya miezi mitatu, hasa duara kuzunguka taa. Hadi 28% ya waliokuwa hawana ukavu walianza kuuona. Waliopata shida kubwa katika shughuli zao kwa sababu ya dalili hizo walikuwa chini ya 1%. Ukizisoma namba hizo pamoja, utaona kwamba watu wengi hupata duara jipya na kulizoea. Ubongo hulisukuma pembeni. Sasa mimi nina ubongo ambao kazi hiyo ya kusukuma pembeni ndiyo inayoushinda. Hilo si la kitabuni, ni hoja yangu mwenyewe, lakini ningekuwa na konea nzima ningeipima kwa uzito kabla ya kusaini.

Yule rafiki aliyenipa habari ya kadi yenye tundu alifanyiwa. Konea zake zilikuwa nzima, ramani zake hazikubadilika kati ya kipimo na kipimo, nguvu ya miwani ilikuwa imetulia kwa muda mrefu. Alichagua PRK kwa sababu hakutaka kifuniko. Siku za mwanzo zilikuwa za maumivu makali, akakaa gizani na miwani myeusi, na wiki kadhaa uoni ulikuwa ukipanda na kushuka. Machozi ya bandia yalikuwa kila mfuko wa nguo. Sasa anaona mbali bila kitu. Chenga ziko kama zilivyokuwa, na picha zinazobaki anasema ziko vile vile. Ana furaha, na sababu anayoitoa ni kwamba alikwenda kuondoa miwani, hakwenda kuondoa chenga.

Namjua pia mwingine ambaye alifanyiwa LASIK akiwa na ukavu ambao hakuna aliyeutibu kwanza. Kwenye ubao wa herufi anasoma mstari wa 6/6 bila kukosea, hivyo kwenye faili lake upasuaji umefaulu. Usiku haendeshi gari. Ubao ule hupima herufi nyeusi juu ya weupe katika chumba chenye mwanga wa kutosha. Haupimi mikia ya taa wala ukungu wa jioni. Kama macho yako yana upotoshaji wowote, omba mapema kupimwa uwezo wa kutofautisha kitu kilichofifia na kilicho nyuma yake, pamoja na kipimo cha kasoro ndogondogo za mwanga ndani ya jicho, hata kama utaambiwa si lazima. Bila hivyo, baadaye hutaweza kuthibitisha kilichokuwapo na kilichoongezeka. Vilevile andika na uchore unachokiona sasa, taa moja usiku kwa jicho la kulia, kwa la kushoto, tarehe pembeni.

Ukavu utibiwe kabla, siyo baada. Wenye umri unaokaribia miaka arobaini waulize pia habari ya kusoma karibu: mtu asiyeona mbali akirekebishwa macho yote mawili, anaweza kujikuta anahitaji miwani ya kusomea ambayo awali aliikwepa kwa kuvua tu ile ya mbali.

Kwangu mimi, nafuu ilitoka nisikoitazamia. Daktari wa konea aliniwekea lenzi ngumu ya majaribio kwenye jicho la kushoto, akaniambia nitazame taa iliyo mwisho wa ukumbi. Mkia haukuwapo. Lenzi ngumu inaweka uso mpya uliolingana mbele ya konea, na machozi hujaza mabonde yaliyo chini yake. Jaribio hilo hufaa hata kwa asiye na nia ya kuivaa, kwa kuwa linaonyesha ni kiasi gani cha upotoshaji kinatoka uso wa mbele wa konea. Nilishindwa kuivumilia ile ndogo, nikahamia kwenye ile kubwa inayokaa juu ya weupe wa jicho na kujazwa maji maalumu kabla ya kuvaliwa. Kuizoea kulikuwa na kero zake. Niliimwaga maji mara nyingi kuliko nilivyoivaa, na siku nyingine naivua mapema kwa sababu ukungu unajikusanya chini yake. Lakini usiku naendesha.

Kwa chenga nina miwani yenye rangi ya waridi ninayoivaa chini ya taa kali za ofisini. Haizifuti. Inapunguza maumivu ya mwanga, basi.

Kusugua macho nimekatazwa kabisa. Mzio sasa unatibiwa kwa matone, na usiku nalala chali kadiri ninavyoweza. Jicho la kushoto linachorwa ramani kila baada ya miezi kadhaa na kulinganishwa na zilizopita. Kilima kikiongezeka, nitafanyiwa matibabu ya kuikaza konea kwa matone ya vitamini B2 na mwanga wa urujuanimno, ambayo lengo lake ni kuzuia isiendelee kuchomoza, siyo kunitoa kwenye miwani. Ramani ya mwisho ilifanana na ya kabla yake, kwa hiyo kwa sasa naendelea na lenzi.